Gari Utakaloliendesha Mwenyewe

Siku ile naikumbuka barabara, mwanangu: ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa Aprili, na mvua ilikuwa ikinyesha Nairobi tangu Jumatano. Nilikuwa nimesimama katika yadi moja ya magari kando ya Barabara ya Ngong pamoja na shemeji yangu Wekesa, mdogo wa marehemu mume wangu. Nilimtazama akilizunguka gari la kijani lililoinuliwa juu mno, hata kiti chake kilinifika kifuani. Uliniuliza juzi ni gari gani lililotumika, la otomatiki, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, litakalopita matopeni na bado likufae kwa safari za kila siku. Sitakutajia jina la gari. Nitakueleza nilivyolichagua langu, kisha utapima mwenyewe.

Nilikuwa bado kijana, mjane wa mwaka wa pili. Mume wangu tulimzika kwao Bungoma Jumamosi ya tatu ya Februari ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa nikipika chakula cha wajenzi katika mtaa wa Kongo, Kawangware, mimi na wanawake watatu niliowaajiri, na chakula kile kilikwenda upande wa Ngong, ambako lami huishia na udongo mweusi unaonata huanza. Nilikuwa nikikodi pikapu. Mvua ilipoanza, pikapu ilizama mara mbili, na wajenzi wakala saa tisa alasiri. Msimamizi wa mjengo hakupaza sauti. Aliniambia, "Mama, watu hawa wanabeba zege tangu asubuhi. Nakupa mpaka mwisho wa Aprili. Chakula kikichelewa tena baada ya hapo, nitatafuta mpishi mwingine." Mjengo ule ndio uliokuwa ukiwasomesha wanangu na kulisha nyumba za wale watatu. Ndiyo maana nilikuwa yadini, na akiba yangu yote ya chama ikinisubiri benki.

Kuna jambo jingine unalopaswa kulijua. Mguu wangu wa kushoto uliungua kwa maji ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mwaka niliofanya mtihani wa darasa la nane, nikiwa mtu mzima katika darasa la ngumbaru. Kifundo chake hakikunjiki vizuri mpaka leo. Kwa sababu hiyo mwalimu wa udereva alinifundisha kwa gari la otomatiki, kwa kuwa klachi nisingeiweza. Wekesa alilijua hilo. Alikuwa mtu mwema, aliyelibeba jeneza la kaka yake begani wakati wengine walipokuwa wakibishana juu ya hema. Sitaki umfikirie vibaya.

"Mzae, hii ni mnyama," kijana wa yadi alimwambia. "Hata uipeleke mtoni, inavuka tu. Haina stori."

"Gia ni ya mkono?" Wekesa aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kuiona.

"Ya mkono, mzae. Otomatiki ni ya wamama wa kupeleka watoto shule."

Wakacheka wote wawili, nami nimesimama papo hapo.

"Shemeji," nikasema, "na mguu wangu?"

"Mguu wako utapumzika. Mimi nipo. Nitakuendesha kama waziri." Kisha akaniambia kwa upole, "Desemba tutapanda nalo nyumbani Bungoma. Waone kwamba boma la kaka yangu halijaanguka."

Maneno hayo yalinigusa, maana nina majivuno, mwanangu, na sijawahi kuyaficha. Nikajiona nikishuka kwenye gari lile refu mbele ya wale waliosema kwamba mwaka hautakwisha kabla sijarudi kwa wazazi wangu. Nikamwacha achague. Tukakubaliana na kijana yule kwamba tungerudi Jumanne na malipo.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda mtaa wa Lindi, hapo hapo Nairobi, kumsalimu mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi huko na Wekesa katika chumba cha kupanga. Wekesa hakuwapo. Nilimkuta mama mlangoni akichambua kunde. Nilitaka baraka zake kabla ya kulipa, nikamweleza habari za gari.

"Ni zuri?"

"Ni zuri, mama. Ni refu."

"Sikukuuliza urefu. Nani ataliendesha?"

"Wekesa."

"Wekesa akipata kazi Mombasa?"

Nikaokota kunde chache kwenye sinia yake, nikaanza kuchambua naye.

"Akiugua? Akiamka amekukasirikia? Chakula kitakaa jikoni kimngoje?"

"Mama, ndiye mwanamume aliyebaki nyumbani. Nilimwachia achague kwa heshima."

Akaiweka kando ile sinia ya kunde, akajifuta mikono. "Heshima ni kumwita kwa adabu na kumwekea chakula akija. Hii ya kununua kitu ambacho huwezi kukisogeza hata kikiziba mlango wa jirani ni woga, na wewe umeuvalisha nguo za kanisani. Nilimzaa Wekesa, nampenda. Lakini sikukulelea watoto jioni zile zote ulipokwenda darasani kukaa na wazee wenye miwani, ili leo uombe mtu ruhusa ya kwenda kazini kwako."

"Nifanye nini, mama?"

"Mwambie yeye, usiniambie mimi. Na usimwaibishe mbele ya vijana wa yadi."

Jumatatu nilimngojea Wekesa njiani alipokuwa akirudi kutoka kibaruani. Nilimwambia kwamba gari litakuwa la otomatiki, na kwamba nitaliendesha mimi. Tulipolipita duka la mkaa alisimama.

"Kwa hiyo mimi ni wa nini?" akauliza.

Swali hilo, mwanangu, ndilo lililokuwa ndani ya gari la kijani tangu mwanzo. Nikamjibu, "Nataka mtu wa kulala chini ya gari na kuniambia ukweli. Wa yadi hataniambia."

Hakukubali wala hakukataa. Lakini Jumanne alikuja, amevaa ovaroli.

Nilikuwa nimeliona pale yadini gari jingine, la kijivu, la otomatiki. Siku hiyo nilikuja na mzigo wangu: sufuria mbili kubwa za kazini, nikaomba zijazwe maji karibu na ukingo na kuwekwa nyuma ya gari.

"Mathe, umekuja kununua gari ama kupika?" kijana wa yadi aliuliza.

"Yote mawili," nikamwambia.

Niliweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa moto. Walikuwa wameliwasha kabla hatujafika. Injini iliyopashwa moto huficha kikohozi chake, kwa hiyo tulikwenda kunywa chai hadi ipoe. Tuliporudi iliwaka vizuri, nami nikafurahi. Nikatia gia ya kurudi nyuma, kisha ya kwenda mbele. Gari lilisita kana kwamba halikusikia, halafu likaruka, na maji yakamwagika nyuma hadi kwenye viti. Wekesa akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akainusa ncha yake, akanipa nami ninuse. Mafuta yalikuwa meusi na yalinuka kuungua. Kisha akalala chini, na tulipomsikia tena alikuwa akicheka.

"Shemeji, matairi ya mbele na ya nyuma si ndugu! Ukubwa tofauti. Ukiyaunganisha yote manne yatavutana mpaka yavunje vyuma vya ndani."

"Hiyo ni kitu kidogo, mathe," kijana akasema. "Fundi anarekebisha na siku moja. Ukitoka hapa, kesho utapata limeenda."

Nililitaka gari lile. Aprili ilikuwa ikiisha, na mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati la yadi hata tukalazimika kupaza sauti. Ilikuwa vigumu zaidi kulikataa kuliko la kijani, kwa sababu hili nilikuwa nimelichagua mimi. Nililikataa. Siku zilizobaki wanawake wangu walibeba chakula migongoni kutoka mwisho wa lami, matope yakiwafika magotini, na hakuna aliyenilaumu.

La tatu tulilipata Jumatatu ya wiki iliyofuata, katika yadi nyingine. Lilikuwa la rangi ya fedha, halina taa za paani wala bomba la kuvutia hewa juu ya maji, na kiti cha dereva kilikuwa kimechakaa. Liliwaka likiwa baridi. Maji yalitikisika katika sufuria lakini hayakumwagika. Tulilipeleka kwenye kipande cha barabara ya udongo wa murram chenye mawe, tukavuta kifimbo cha pili kando ya gia, kile kinachotia gia nzito ya matopeni, na magurudumu yote manne yakashika. Jambo hilo usilijaribu juu ya lami kavu. Wekesa alikaa chini ya gari muda mrefu akigonga chuma kwa bisibisi, akitafuta kutu na mahali palipochomelewa. Kabla ya kulipa tulikwenda kumwuliza fundi wa Kawangware kama vipuri vyake vinapatikana mtaani. Alisema vinapatikana, na kwamba siku za kawaida nikiendesha kwa magurudumu mawili halitaninywea mafuta yote ya mji. Nikalinunua.

Alhamisi ya mwisho ya Aprili mvua ilianza kabla ya mapambazuko. Tulipofika mwisho wa lami, lori la kokoto lilikuwa limezama upande mmoja wa njia, na dereva wake ameketi ndani amekata tamaa. Ilibaki nafasi nyembamba yenye tope jeusi.

"Shemeji, teremka nikupitishe," Wekesa alisema.

"Keti. Shika vifuniko vya sufuria."

Nilisimamisha gari kabla ya tope, nikatia gia nzito, nikaingia polepole bila kukanyaga breki wala kuongeza mwendo. Nyuma ya gari iliteleza kuelekea lile lori. Wekesa akaita jina la marehemu kaka yake. Niliulegeza mguu wa kulia kidogo tu, nikauacha usukani ufuate, na magurudumu ya mbele yakashika, yakatuvuta.

Wajenzi walikuwa wameketi juu ya matofali wakingoja. Mmoja akapiga kelele, "Leo mathe amekuja na tangi!" Msimamizi akatazama saa yake, akafunua sufuria, mvuke ukampiga usoni. Aliniambia, "Kesho watu wa paa wanaanza. Ongeza chapati."

Basi, mwanangu, shauri langu ni hili. Kabla hujauliza gari linapanda mlima gani, jiulize utabeba nini, kwa njia ipi, siku zipi nyingi za mwaka, na mwili wako unaweza nini. Mwili usiuonee haya. Lijaribu likiwa baridi, ukiwa na mzigo wako, na uende na mtu asiyeogopa kukuudhi. Nusa mafuta ya gia. Tazama matairi. Usinunue gari kwa ajili ya macho ya Desemba. Likiwa na kasoro likatae, hata kama muda umekubana na umelipenda. Na mtu yeyote akikuambia kwamba atakuendesha maisha yako, awe mwema namna gani, mshukuru, mpe kazi nyingine ya heshima karibu nawe, kisha ukae mwenyewe penye usukani.

Mwenyezi Mungu auongoze mkono wako katika kila tope. Akujalie wakukemeao kwa upendo kama yule mama wa Lindi, aliyelala sasa karibu na mwanawe. Na ukibeba chakula kama mimi, ufike kingali moto.