Kitovu cha Dada Yangu

Dada yangu alikuwa anatoka damu kitovuni. Siyo kila siku. Ilikuja na siku zake, ikaondoka nazo, na hapo kitovuni kikabaki kivimbe cheusi kama punje ya maharage.

Aliolewa Namawala na hajapata mtoto. Mama mkwe wake alishaamua kwamba kuna mtu amemfunga kizazi. Wakimaliza kuvuna mpunga apelekwe kwa mganga, na mganga akishindwa, arudishwe kwetu Katindiuka. Mume wake alikuwa ananyamaza tu.

Hospitali alishaenda, tena na tena. Daktari mmoja akamwambia ni ngiri, mwingine akampa dawa ya kupaka. Wote walionyeshwa kitovu kikavu. Kwetu mwanamke haendi kuvua nguo mbele ya daktari akiwa mwezini. Anasubiri amalize, anaoga, anavaa kanga safi, ndiyo anaenda. Mama alitufundisha hivyo.

Sasa alikuja kumsalimia mama, damu ikamkuta hapo nyumbani. Asubuhi nikamwona amejikunja kwenye mkeka, kanga ina doa katikati ya tumbo.

"Vaa, twende hospitali," nikamwambia.

"Nikimaliza."

"Ukimaliza wataona nini?"

Mama akatoka jikoni na mwiko wake. "We mtoto, unataka kumpeleka dada yako kwa wanaume akiwa hivyo? Huna haya?"

"Sina, mama. Haya tumekuwa nayo miaka yote na damu bado inatoka."

Dada akacheka, halafu akashika tumbo maana kucheka kulimuuma. Akainuka mwenyewe. "Nitafutie pedi," akasema. "Na kanga nyeusi."

Daktari alikuwa mwanaume, kijana. Dada alipofunua tumbo aligeuzia uso ukutani. Daktari akaangalia bila kugusa, kisha akauliza siku zake zimeanza lini.

"Jana," nikajibu.

"Namuuliza yeye."

"Jana," dada akauambia ukuta. "Na hii ya kitovuni jana hiyo hiyo. Zinakuja pamoja."

Daktari akavuta kiti, akakaa. Akasema kuna nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba. Kwa baadhi ya wanawake inaota nje, mara chache sana hata kitovuni. Mji wa mimba ukitoka damu, na yenyewe inatoka. Ila hawezi kusema ndiyo mpaka kivimbe kikatwe na kipimwe.

Kilikatwa, dada akabaki kwetu kusubiri majibu. Majibu yalichelewa mpaka nikachoka kuyaulizia, halafu yakaja: ni yenyewe.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyenifunga?" dada akamuuliza daktari.

"Hakuna."

"Na mtoto?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Wengine wanapata, wengine inawasumbua. Tutaendelea kukuangalia."

Jioni ile mume wake alikuja na pikipiki kumchukua. Dada hakumpeleka pembeni. Alimwambia pale pale uani, mama akiwepo, akataja mji wa mimba na siku zake bila kuinamisha kichwa. Mama ndiye aliyeangalia chini.

"Kwa mganga siendi," akamalizia. "Kufungwa sijafungwa. Mtoto sijui. Kama ni kunirudisha, nipo hapa hapa, niache."

Shemeji akageuka kuangalia pikipiki yake. Nilitaka kumtikisa. Kisha akauliza kama kidonda kimeshapona kiasi cha kupanda pikipiki.

"Ukienda polepole," dada akasema, akaingia ndani kuchukua kanga zake.