Flash ya Mama Niliyoikausha Jikoni

Jamani, mjinga ni mimi. Siyo shetani, siyo majirani wenye wivu, ni mimi mwenyewe na mdomo wangu. Nichekeni kwanza, halafu mjifunze.

Mimi ni mwenyekiti wa kwaya huku Kyimo. Mama yangu alikuwa na wimbo wake wa Kinyakyusa, kautunga mwenyewe, na hakuwahi kuuandika popote. Nikampeleka studio Tukuyu mjini, wakamrekodi video, nikalipa, nikapewa flash. Kwenye pakiti waliandika: "Ni marufuku kunakili." Mwenzenu nikayapokea maneno yale kama amri ya kumi na moja!

Mama alipofariki, mdogo wangu Atupele, aliyeolewa Masukulu, akanijia na simu yake mkononi. Alikuwa mjamzito. "Kaka, niwekee na mimi huo wimbo. Na shemeji yako ana kompyuta, tuweke na huko, maana hii ikiharibika tumekwisha."

Mnajua nilimjibu nini? "Kukopi ni wizi! Huna tofauti na mwizi wa ndizi!" Tena mbele ya mashangazi! Akajifuta machozi kwa kitenge.

Na hapo simu yangu mimi mtakatifu imejaa muvi nilizorushiwa bure stendi. Unafiki huu, ee Mungu wangu!

Sasa, mvua za huku kwetu mnazijua. Hata kiberiti kinapata unyevu ndani ya kabati. Nikawaza, flash itaota ukungu. Nikaifunga kwenye nailoni, nikaipandisha darini jikoni, juu ya moto, tunapokaushia mahindi ya mbegu. Mke wangu akaniuliza, "Baba Lusajo, na hicho kidude tutakipanda?" Nikamwambia mambo ya teknolojia aniachie mimi.

Siku ya kujengea kaburi la mama, ukoo mzima ulikuja. Atupele naye alikuja na binti yake, kampa jina la bibi yake. Watu wamekaa, runinga imewashwa, mimi nimesimama kama waziri anayezindua daraja. Nikaishusha flash.

Nailoni ilikuwa imeyeyuka ikagandana nayo. Nikakwangua kwa kisu, nikachomeka. Hakuna kitu! Nikapuliza, nikachomeka tena. Wapi! Mjomba mmoja akashauri niipigepige kidogo, nikaipiga. Yaani nilikuwa tayari kusikiliza ushauri wa kila mtu, siku ambayo hausaidii tena.

Atupele akanitazama. "Ndaga fijo, mwenyekiti." Ndiyo kusema asante sana. Bora angenizaba kofi.

Nikapanda bodaboda mpaka studio, nimelowa chapachapa. Fundi akasema kazi za zamani alishazifuta, kompyuta ilijaa.

"Kwani wewe hukuweka nakala?"

"Si mliandika marufuku?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Kaka, tunakataza watu wasiende kuuza! Umenunua mwenyewe, mama ni wako, nakala ya kujihifadhia nyumbani nani angekufunga? Ungeniuliza tu."

Kuuliza! Mwenyekiti mzima aulize?

Tangu hapo tunaokoteza wimbo. Shangazi anakumbuka kiitikio, mimi ubeti wa kwanza. Wa pili hakuna anayeujua. Juzi nilikwenda Masukulu, nikamkuta Atupele anambembeleza mtoto kwa wimbo ule. Akamaliza ubeti wa kwanza, kisha akaanza tena mwanzo. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Ndugu unayenisoma, ulichonunua kwa haki yako kiwekee nakala leo, tena zaidi ya moja, na uziweke nyumba tofauti. Sheria usiyoijua uliza, usiigeuze fimbo ya kuwachapia wenzako. Na ndugu yako akikuomba sauti ya mama, mpe! Ni mama yake pia.