Nilimwambia bibi mpira wa oksijeni ni chaja

Wakuu, mwadila.

Mlionizoea humu kwa vichekesho, leo mtanisamehe. Haya yametokea kwetu Bariadi na sijaongeza chumvi. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi ya hii.

Mimi ni binti, kidato cha tatu, naishi Somanda. Darasani ndimi yule anayemchekesha mwalimu wa zamu, halafu anachapwa kwa kumchekesha.

Dada yangu alijifungua mapacha kule Ipililo, Kulwa na Doto. Walipofika miezi minane Doto akashikwa na nimonia, akaletwa huku, akalazwa chumba cha watoto mahututi. Dada mwenyewe alikuwa hoi na malaria, kwa hiyo aliyekuja kumuuguza ni bibi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpelekea bibi uji kabla ya shule.

Nesi wa pale tumwite Sista Neema. Yule mama akifika kitandani haanzi na mashine. Anafunua nguo, anatazama kifua, anahesabu pumzi kwa saa yake ya mkononi. Aliniambia mtoto akipumua mbavu zikawa zinaingia ndani, hayo siyo mafua, usisubiri kesho.

Bibi ni wa Kisukuma, Kiswahili anakisikia kidogo. Sista akiongea haraka yeye anaitikia tu, akiondoka ananigeukia mimi.

"Ng'wanawane," yaani mwanangu, "hii mipira ya puani ni ya nini?"

"Hiyo chaja, bibi. Doto kaisha chaji."

Akacheka. Hata mama wa kitanda cha pili akacheka. Nikaenda shule nimevimba kichwa.

Sasa ngojeni niwaeleze kitu kuhusu bibi. Ana simu ya kitochi, anaichajisha kwenye duka lenye sola, na ana sheria moja: ikijaa, inachomolewa. Ukiizidishia, betri inavimba. Amewahi kurudi dukani kwa miguu, jua la saa nane, kwenda kuichomoa tu.

Siku ya tatu Doto alitulia. Midomo ikarudi rangi yake, akalala.

Ilikuwa Jumamosi, nikafika mchana. Sista Neema alikuwa kitanda cha mwisho anahangaika na mshipa wa mtoto mwingine. Nikamkuta bibi kabandua plasta polepole asimwamshe mjukuu, kaukunja ule mpira, kaufunga na uzi vilevile anavyofunga chaja yake.

"Imejaa," akaniambia. Uso umemng'aa.

Nikamwangalia Doto. Midomo ilikuwa kama kanywa wino.

Nilimwita sista, sijui kwa sauti gani. Akaja mbio, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa yenye mfuko wa kupulizia hewa, akawa anauminya. Sisi tukatolewa nje.

Alipotoka hakufoka. Aliuliza tu, "Nani kawaambia mpira unatolewa?"

Bibi akanitazama. Halafu akamgeukia sista, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Ni akili yangu mwenyewe, mayu."

Na mimi, mwenye mdomo kuliko shule nzima, nikanyamaza.

Doto alikaa siku mbili, akafariki.

Baada ya mazishi nilirudi wodini peke yangu nikamweleza Sista Neema yote. Nikamuuliza kama ni ile chaja. Hakunidanganya wakuu. Alisema mapafu yalikuwa yamechoka tangu anafika, kwamba yeye hajui, na mimi pia sitajua.

Alichoniachia nawaachia na nyie. Mtu anayeuguza akikuuliza kitu wodini, anauliza kweli. Hujui, sema sijui, ita nesi. Na kama lugha inamsumbua, mwelezeni kwa lugha yake, kisha arudie mwenyewe alichosikia. Siku hizi sista anafanya hivyo kwa kila bibi anayeingia, Kisukuma chake kibovu hivyohivyo.

Kulwa sasa anatembea. Bibi hajawahi kunitaja popote. Nyumbani wote wanajua aliyechomoa ni yeye, na dada hamwachii tena Kulwa.

Mwenye duka la sola anasema simu ikijaa bibi haigusi. Anangoja apite mtu, amuulize kama aichomoe.

Likizo hii naenda Ipililo. Nataka kusema mbele ya dada kwamba ile akili haikuwa ya bibi, ilikuwa yangu. Manesi mliomo humu, na wote mliowahi kuuguza, sentensi kama hiyo mtu anaianzaje? Wenye matusi pia karibuni, nitayasoma yote.