Doa la Chuma

Niseme wazi: lile doa nililichukia kuliko ugonjwa wenyewe.

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita kwetu, alipoota uvimbe kwenye titi, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi barabarani, tukapanda basi dogo kupitia Lumbadzi mpaka hospitali moja ya Lilongwe. Daktari akamchoma kwenye titi sindano ya maji ya kahawia. Akaeleza, nesi akitafsiri kwa Kichewa na mimi kwa Kiswahili, kwamba ndani mna chembe za chuma ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Zinasafiri hadi kwenye tezi za kwapani, kisha kifaa kama kalamu kinalia pale zilipotulia, nao wanajua tezi ipi waitoe waipime. Ngozi itabaki na doa kwa miezi, akasema, halafu litafifia lenyewe. Doa si ugonjwa.

Walitoa uvimbe na tezi. Majibu yakasema kansa imeshafika kwapani. Arudi haraka aanze dawa ya kuingizwa mshipani.

Lakini kambini, akina mama wa chumba cha maombi waliomsaidia kuoga waliliona lile doa la rangi ya kutu. Wakasema njo huo, ndio ugonjwa wenyewe, unatoka. Wakalipaka mafuta, wakafunga kula, wakaimba. Niliwaeleza habari ya chuma mpaka koo likanikauka. Wakanitazama kwa huruma, utadhani mi ndiye mgonjwa. Yaya akasema doa likikataa kutoka, njo atarudi Lilongwe.

Likaanza kufifia. Jamani, nilikuwa naomba libaki! Kila alipojifunua niliangalia, na kila mara lilikuwa limepungua. Lilipoisha kabisa alisimama kanisani kutoa ushuhuda, kanisa zima likapiga vigelegele. Mi nilikaa kwenye benchi nimekunja mikono kwa hasira na woga.

Wiki hiyo kwaya wakaniletea vitambaa vya sare, maana kazi yangu ni cherehani. Yaya, naye mwanakwaya, nilimpima wa mwisho. Alikuwa anacheka, bado anasimulia ile Jumapili. Nilipopitisha futi chini ya mkono wake akageuka kuangalia kama mlango umefungwa.

"Hapa kwapani uniongezee nafasi," akasema polepole. "Na usimwambie mutu."