Mbwa Aliyefukuzwa kwa Mama Simone

Mama Simone alizaliwa Isangi, katika ukoo wa wavuvi, lakini watu wa mtaa wa Mangobo walimjua kwa nganda yake, baa ndogo ya uani. Mchana aliuza samaki, pondu ya majani ya muhogo na nyama ya mbuzi. Jua likishuka, bia. Hakuwa mwepesi wa kumwamini mtu. Ufunguo wa friji aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, na usiku aliulalia.

Papa Carlos, fundi wa injini za mashua, alikuja kila siku na mbwa wake mwekundu. Mbwa alijilaza chini ya meza, kimya. Aliyemchukia ni Mahmoudi, mfanyabiashara kutoka Maniema, ambaye alikula samaki na kuondoka kabla chupa hazijafunguliwa. Siku moja pua ya mbwa iligusa kanzu yake. Akasukuma sahani.

"Mama, mi sina ugomvi na papa. Lakini pahali imbwa inalala, siwezi kukula tena."

Mama Simone akamgeukia Carlos. "Papa, uniachilie. Kuanzia leo imbwa ibakie inje."

Carlos akamwacha mbwa barazani.

Juma halikuisha, mbwa akapotea. Carlos alizunguka mtaa mzima akimwita, kisha akaja kusimama mbele ya chungu cha nyama cha Mama Simone. Mjini hawakosekani wanaokula mbwa, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Leo nyama iko ya nini?"

"Ya mbuzi, papa."

"Bon. Kichwa yake iko wapi?"

Vijiko vikasimama. Mama Simone akamtazama Arsène, mpishi wake, ambaye ndiye aliyetumwa sokoni asubuhi.

"Nilinunua vipande, mama. Kichwa ilibakia kwa muuzaji."

Jibu lilikuwa la kawaida. Lakini Arsène alilitoa akiuangalia moto.

Hakuna aliyemaliza sahani yake. Hata Mahmoudi, aliyekuwa akila samaki, alinawa mikono. Mama Simone alimwaga chungu chote nyuma ya choo. Tangu hapo wateja walikunywa tu, tena chupa zifunguliwe mbele yao. Yeye mwenyewe akaenda kwa muuzaji nyama. Yule alikiri kwamba Arsène hununua kwake. Kama alinunua siku ile, hakukumbuka.

Kisha mbwa akarudi. Alikuwa amekonda, na shingoni alining'iniza kipande cha kamba ya buluu kilichotafunwa. Jikoni kulikuwa na kamba kama hiyo.

"Kamba hii inauzwa kila pahali, mama," Arsène alisema kabla ya kuulizwa.

"Najua."

Hakumfukuza, angemfukuza kwa ushahidi gani? Ila alianza kununua mbuzi hai, na Mahmoudi akakubali kuwachinja uani, watu wakiona. Mahmoudi akawekewa meza yake chini ya turubai, mbali. Mbwa akaruhusiwa kuingia tena.

"Afazali alale ndani, papa," Mama Simone alimwambia Carlos. "Nimuone na macho yangu."

Siku hiyo Arsène alipopita na sahani, mbwa hakubweka. Aliinuka tu, akahamia upande wa pili wa miguu ya Carlos. Mama Simone aliona. Arsène naye aliona kwamba ameonwa.

Mwisho wa mwezi Arsène aliaga, akisema amepata kazi Yanonge. Mama Simone alimpa mkono, akamsindikiza mpaka barabarani. Hata leo hajui kama alimwonea kwa kumshuku.