Swali la Asubuhi Ikombe

"Mgeni, kaa katikati, tumbo lako litatupindua," aliniambia Lugano, mpiga kasia wangu. Tulikuwa tumetoka Lyulilo alfajiri, na sasa Ikombe ilikuwa inajitokeza chini ya mlima: nyumba, moshi wa vyungu vinavyochomwa, paa la shule. Ziwa lilitulia hata matone ya kasia yalisikika.

Shuleni, Mwalimu Tusekile alikuwa tayari ubaoni. Kila asubuhi huwapa darasa la sita swali kuhusu jambo lililotokea tarehe kama hiyo zamani, nao huandika ukurasa mmoja kwenye shajara. Wiki iliyopita walijifanya wako ufukweni Agosti 1914, Waingereza walipoishambulia meli ya Wajerumani ziwani humu.

"Nusu yao walikimbilia mlimani na kuku wao," aliniambia.

Swali la leo lilikuwa la kijijini: "Miaka ishirini iliyopita, mtumbwi wa wafinyanzi ulizama ukienda Lyulilo. Kama ungekuwemo, ungeona nini?"

Mama yake Mwalimu alikuwemo. Vyungu vilirudi vikielea, vikavu ndani. Wanawake hawakurudi. Kwao, chungu kilichorudishwa na ziwa hakipikiwi; hulazwa mdomo chini kando ya mlango mpaka mwenyewe azikwe. Cha mama yake kingali pale.

"Nataka kaburi tu," alisema kwa sauti ya chini. "Nipajue alipo."

Watoto waliandika bila kunong'onezana. Kisha Felista akasimama kusoma.

"Hatukuzama. Tulishuka kwenye mawe meupe nyuma ya rasi, pasipo na njia. Mama wa Mwalimu anaona baridi. Anauliza mbona hamji."

Tusekile alishika ukingo wa meza. "Nani amekuambia hayo ya mawe meupe?"

"Hakuna, Mwalimu. Si umesema tuandike?"

"Huyo kaniibia!" Jubilate alidakia kutoka nyuma. "Mawe meupe ni yangu!"

"Yako wewe? Hata mimi ninayo!"

"Na mimi!"

Mwalimu alipita dawati hadi dawati, akisoma. Alipofika la mwisho aliweka chaki chini, akatoka. Nilimfuata hadi majini, watoto nyuma yetu.

"Lugano, nyuma ya rasi unapajua?"

"Napajua. Ila kule hatushuki, Mwalimu."

"Leo tutashuka."

Alileta blanketi kutoka nyumbani kwake. Akasita, akarudi, akaja na mengine, mzigo mzima.

"Nije nawe?" nikauliza.

"Hapana, ndugu yangu. Nafasi haitatosha. Kaa na watoto. Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa.

Alikaa nyuma kabisa, magoti ameyabana, katikati pote pakabaki patupu. Lugano hakumtania. Mtumbwi ukaondoka.

Watoto walianza kupunga mikono. Nikageuka kuwaangalia. Hawakuwa wakiutazama mtumbwi. Walikuwa wakitazama mbele yake, kule rasini.