Nyasi za Mbele ya Kaburi la Babu

Harufu ya nyasi za majini zilizooza juani ndiyo iliyotupokea Kilwa, ile ya Kongo, kila likizo, tukitoka Lubumbashi tumejaa vumbi la ile barabara mbovu. Ndugu zangu waliziba pua. Mimi niliivuta kwa raha, kwa kuwa nilijua Kambo, bibi yangu mzaa mama, yuko karibu na chungu chake cha samaki. Kati ya nyumba yake na Ziwa Mweru palikuwa na kaburi la babu. Mawimbi yalikuja kwa hasira, yakaingia katika nyasi zile nene, yakafika ufukweni yamechoka. "Mimi nitalala hapa, pembeni ya bwana yangu," Kambo aliniambia akipalilia kaburi. Mahali pake alikwisha kupazungushia mawe.

Likizo moja ilitangazwa kwamba mkubwa wa chama tawala angekuja kwa boti. Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, ikahamishiwa ziwani ili mgeni asikanyage uchafu. Watu waliingia majini na mapanga, wakikata matete na kung'oa nyasi mpaka mizizi, huku wakiimba sifa za chama. Kambo akasimama mbele ya kaburi.

"Mukate kwingine. Hapa kuko bwana yangu."

"Citoyenne, Salongo haichagulake kaburi ya muntu," akajibu msimamizi, akimwita "mwananchi" kwa Kifaransa kama chama kilivyoagiza, naye ni kijana wa jirani aliyekula ugali wa Kambo tangu utotoni.

Wakang'oa zote. Mkubwa mwenyewe hakuja. Mvua ziliporudi, mawimbi yalifika na nguvu zao zote, yakamega udongo kidogo kidogo. Likizo iliyofuata hatukukuta kaburi wala yale mawe. Kambo alikuwa ameketi akitazama maji, na siku hiyo hakupika. Baadaye nyumba nayo ikaenda.

Alifia kwetu Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air, tukamzika katika makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua. Sijawasamehe waliozing'oa zile nyasi, na sioni kwa nini niwasamehe. Juzi nilirudi Kilwa nikakuta vijana wenye fulana mpya za mradi wakipanda nyasi ili ziwa lisile ufuko, na wenyeji wameitwa kwenye semina wafundishwe faida yake. Mmoja alinionyesha miche yake kwa furaha, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamnyooshea kidole ziwani, mbali na miche yake, pale mtumbwi ulipokuwa ukipita.